Kereng'ende Sitini na Watatu

Buswelu, Mwanza
9 Juni 2024

Mjomba Mwalimu Mutalemwa,

Shikamoo. Itikia kwa kichwa tu, maana sauti najua umeiacha hospitali. Usikasirike, nilimwambia mama hivyo hivyo akacheka, halafu akanichapa na kanga yenye maji.

Huku wazima. Mama yuko Kiseke na dagaa wake, anagombana na wateja mpaka wananunua ili waondoke. Nyumba yako ipo, sijaichoma. Kuku wamebaki tisa. Wa kumi alijipeleka mwenyewe kwa mbwa wa jirani, mimi simo. Na wewe huko Kamachumu, mama mdogo Prudencia anakulisha ndizi mpaka lini? Rudi kabla hujaota mgomba.

Kuandikiana kwenye simu umekataa, unasema herufi ndogo kama chawa. Sawa, nakuandikia kwa mkono, uone kidato cha pili nilichoishia kilivyonikaa, kuna wenye digrii hawaandiki hivi. Barua nampa Masele, kondakta wa basi la Bukoba, ataishusha Muleba. Ameapa hataisoma wakati basi linasubiri kivuko Kigongo. Simwamini hata kidogo.

Sasa kazi uliyoniachia. Jana Jumamosi nilishuka kinamasini. Nimekaa juu ya jiwe lako kuanzia saa sita mchana mpaka saa saba, kofia kichwani, daftari pajani, kama mwendawazimu aliyesoma. Wapita njia wananiuliza, "Luhaga, unavua nini?" Nawajibu, "Nahesabu kereng'ende wa serikali." Wakashika njia yao, neno serikali linafanya kazi.

Nimefuata masharti yote. Wingu likifunika jua nasimamisha saa. Nahesabu dume tu, na yule tu anayerudi kwenye funjo lake mwenyewe, ili mmoja asihesabiwe mara tano. Na kwenye fomu naandika yule wako tu, bawa-moshi, mwenye ncha za mabawa nyeusi kama zimepitishwa kwenye kibatari.

Mjomba, nimepata wanne. Wanne! Saa nzima juani kwa wadudu wanne. Mtu mzima umefanya hivi miaka kumi na minane, madaftari kumi na manane kabatini, na hujawahi kujicheka?

Lakini usihofu, najua uzito wake. Ulinieleza mara mia: ofisi ya mazingira inataka fomu za miezi kumi na miwili mfululizo, Novemba mpaka Oktoba, hakuna mwezi kuruka. Zikitimia, kinamasi kinawekewa mipaka, hakiguswi. Zikipungua hata moja, tajiri Ndalahwa anakifukia apime viwanja vya kuuza. Wewe ulifika Mei, imebaki mitano, na imeangukia mikono ya mwanaume. Fomu ya Juni hii hapa, weka saini ya msimamizi unirudishie niipeleke.

Mpwa wako hodari,
Luhaga Mayala


Kamachumu
23 Juni 2024

Mpwa wangu Luhaga,

Marahaba. Nimeitikia kwa kichwa, kama ulivyoagiza.

Barua yako imenifikia ikiwa na alama ya kidole chenye mafuta ya samaki, kwa hiyo Masele ameisoma. Mwambie sijamchukia. Mama yako msalimie, mwambie apunguze ugomvi, mapigo ya moyo wake nayajua. Mimi napumzika. Mama mdogo wako ananisagia kila kitu kiwe uji. Kahawa imechumwa, naona watu wakipita nayo, nami nakaa barazani na shuka kama bibi harusi.

Wanne ni hesabu nzuri. Juni ni kavu, nimewahi kupata watatu. Nimefurahi kuliko ulivyotaka nifurahi. Usiione ndogo. Anayehesabu kinamasi haendi kushinda, anakwenda kusema alichokiona.

Fomu nimesaini. Jambo moja uongeze: ukimaliza saa yako, shuka ukaangalie mashina ya mafunjo, usawa wa goti. Mtoto wa kereng'ende huishi majini muda mrefu akila viluwiluwi vya mbu, kisha siku moja hupanda funjo, hupasuka mgongo, hutoka na mabawa, na ganda lake kavu hubaki limeng'ang'ania pale. Mwenye mabawa anaweza kuwa mgeni, ametoka hata Kisesa. Ganda halidanganyi, linasema huyu kazaliwa hapa. Hesabu maganda.

Wako,
Mutalemwa


Buswelu
21 Julai 2024

Mjomba Mwalimu,

Shikamoo kutoka kwa bingwa!

Kwanza habari za nyumbani. Kuku wanane. Usiulize. Mama anasema umemwandikia habari za moyo wake na wa kwako hujausema. Nikamwambia mjomba anapumzika, akaniangalia kama nimekunywa kitu. Alikuja hapa Jumatano, akakaa kwenye kiti chako cha kamba, akalia bila sauti, akaondoka. Sijui analilia nini, labda dagaa wameshuka bei.

Mimi siku hizi napata kazi za hapa na pale, mwili unakaza, ungeniona mikono ungesema huyu si yule Luhaga aliyekuwa anatumwa chumvi anarudi na sukari. Nikutanie kidogo: umehesabu miaka kumi na minane, rekodi yako ni ngapi? Uliniambia ishirini na wawili, Aprili ya mvua kubwa, ukanionyesha ukurasa kama picha ya mtoto. Basi shika kiti. Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, saa sita mpaka saa saba, jua kali halina hata kijiwingu, mimi Luhaga nimehesabu bawa-moshi SITINI NA WATATU.

Ndiyo, umesoma vizuri. Walijaa mpaka mafunjo yanainama. Wengine wamekaa kwenye kofia yangu. Nadhani walikuwa wanakuogopa wewe na ile miwani, wakasubiri uondoke. Hao watu wa ofisi wakiiona fomu hii wataweka kinamasi uzio wa dhahabu.

Maganda nayo yapo mengi tu, sikuyahesabu, mkono ulichoka kuandika sitini na tatu.

Saini haraka, Masele anarudi Jumanne.

Mpwa wako mvunja rekodi,
Luhaga


Kamachumu
4 Agosti 2024

Mpwa wangu Luhaga,

Marahaba, bingwa.

Nimechelewa kidogo. Kulikuwa na siku ambazo kalamu ilikuwa nzito, sasa ni nyepesi tena. Mama yako amenijia kwenye ndoto akiwa na ndoo ya dagaa, akinigombeza, kwa hiyo yuko mzima.

Nadhani ulipokuwa unaandika, jua lilikuchanganya ukaongeza tarakimu. Sitini na tatu mara nyingine ni sita, iliyofuatwa na tatu iliyopotea njia. Nimekuandikia fomu mpya, safi, kwa mkono wangu, nikaweka sita, jina lako na tarehe yako. Ndiyo uipeleke ofisini. Ile yako nimebaki nayo hapa.

Nina ombi. Siku hizi ni ndefu na sina cha kushika. Niokotee maganda kumi kwenye mafunjo karibu na jiwe, uyaweke kwenye kiberiti kitupu na pamba kidogo, umpe Masele. Nataka tu kuyaona.

Jiwe langu lipo? Mafunjo ya upande wa shule yamefika wapi? Hukuyataja.

Wako,
Mutalemwa


Buswelu
8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Najua nimechelewa, usinipigie kengele. Nilikuwa na kazi. Halafu malaria. Halafu kazi tena. Mbu wa mwaka huu, mjomba, wanauma mtu akiwa amevaa koti.

Mama anapanga kumkodishia mwenzake meza yake ya Kiseke kwa wiki tatu, anasema atakuja huko Kamachumu kukuona. Nikamwambia mtu anayepumzika haendewi na mizigo. Anafua nguo zake zote, hata zile safi.

Fomu ya Julai nimepeleka kama ulivyoiandika. Mwalimu bwana! Eti nimeongeza tarakimu. Nimecheka peke yangu. Umeona kijana wako hesabu zilimshinda tangu darasa la nne, basi na hapa zimemshinda. Sawa, nimekubali, sita.

Ya Agosti hii hapa, nimeweka watano. Na ya Septemba nimeshahesabu jana, saba. Nimejifunza kuandika hesabu ndogo kama wewe. Zinafanana na za mwalimu, au siyo? Zote nimekaa juu ya jiwe. Jiwe lipo. Linatoka liende wapi, jiwe?

Maganda kumi hayo, kwenye kiberiti. Ni kumi kamili, mazuri, hayajavunjika mguu. Nilitafuta mpaka goti likalowa. Upande wa shule mafunjo yapo, yamekauka kidogo, kiangazi.

Saini zote mbili kwa mpigo, tusimsumbue Masele.

Mpwa wako,
Luhaga


Kamachumu
22 Septemba 2024

Luhaga,

Marahaba.

Kiberiti kimefika. Nimeyapanga maganda juu ya dirisha, jua la asubuhi linapita ndani yake. Asante.

Fomu mbili nimesaini. Imebaki Oktoba.

Mama yako afike akiweza. Mwambie asilete dagaa, siwezi kumeza, alete maneno.

M.


Buswelu
3 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Leo sina kuku wa kukusimulia. Kuku wako nimempelekea mama wote kabla hajasafiri. Najua kafika huko kwako tangu Jumatatu na pengine kakwambia, pengine amenionea huruma amenyamaza. Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu nimechana kwa sababu zilianza na utani.

Kinamasi hakuna.

Nisikilize nianze mwanzo. Juni nilihesabu kweli. Wanne wale ni wa kweli. Mwisho wa Juni Ndalahwa alinikuta njiani, akaniuliza kama naweza kazi ya utingo kwenye tipa lake, linabeba kifusi na moramu kutoka kule wanakopasua mawe. Nikasema naweza. Kijana wa mjini anapanda juu ya tipa, anaonekana. Kazi ilikuwa kila siku, na Jumamosi zaidi ya siku nyingine zote, maana Jumamosi watu wa ofisi hawapiti. Nilijua kifusi kinamwagwa wapi. Siku ya kwanza nilijua. Dereva alirudi kinyumenyume upande wa shule, mimi ndiye niliyeshuka nikafungua ubao wa nyuma. Mafunjo yalilala mara moja. Kereng'ende watatu walinyanyuka wakawa wanazunguka pale pale juu ya udongo, hawaendi, wanatafuta funjo la kurudia. Nilisema moyoni ni upande mmoja tu, mjomba anahesabia upande mwingine.

Julai sikuhesabu. Sitini na tatu nilitunga nikiwa nimekaa juu ya tairi la akiba, nakula muhogo. Nilisikia aibu ya wale wanne, na nilitaka upate furaha kubwa. Tarehe kumi Agosti tulifunika jiwe. Nilimwambia dereva, "Hapo usimwage, hapo pana jiwe la mjomba." Akaniambia, "Mjomba wako akirudi atalihesabu kwa chini." Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, mjomba, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nikafungua ubao.

Maganda niliyokutumia ni yako mwenyewe. Niliyatoa kwenye kopo la maziwa kabatini, lile la mwaka jana.

Tarehe kumi na sita Oktoba akaja afisa mazingira, yule mama Suzana Shimba, amevaa mabuti, fomu ya Septemba mkononi. Akaniita mbele za watu.

"Wewe ndiye Luhaga Mayala?"

"Ndiye."

"Fomu inasema tarehe saba Septemba ulikaa kwenye jiwe la kuhesabia ukaona kereng'ende saba. Nionyeshe jiwe."

Nikanyoosha mkono.

"Wapi?"

"Pale."

"Pale chini ya kifusi?"

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliangalia ule udongo, umeota nyasi tayari, akasema polepole, "Nyasi hizi zina miezi miwili." Halafu akauliza neno ambalo ndilo naandikia barua hii. Aliuliza, "Kama mwaka huu mmeupika, na ile miaka kumi na saba mingine nani aliipika?"

Kikao cha mipaka kilikaa tarehe ishirini na nane. Wamekataa. Ndalahwa ana kibali, vigingi vimepigwa mpaka kwenye chemchemi. Madaftari yako niliyapeleka mwenyewe nikitetea, wakayaweka chini ya meza pamoja na fomu, wakaandika juu ya karatasi: hayaaminiki.

Sikuua kinamasi peke yangu, lakini ubao wa nyuma nilifungua mimi. Na madaftari nimeyaua mimi peke yangu, kwa mdomo. Nitukane ukiweza. Andika matusi yote, Masele asome.

Luhaga


Kamachumu
17 Novemba 2024

Mpwa wangu Luhaga,

Marahaba. Mama yako yuko hapa, ananishikia ubao wa kuandikia, na nimemwomba asisome. Anatazama nje, anajifanya anahesabu migomba.

Sitakutukana. Nina la kukwambia, na nilipaswa kulisema Agosti.

Nilijua. Tangu Julai. Katika miaka yote ile Julai haijawahi kunipa zaidi ya tisa. Uliposema sitini na watatu niliona pale pale hukwenda. Niliposema umeongeza tarakimu, nilikuwa najua hukuongeza kitu. Na maganda: la tatu lina doa dogo la wino wa bluu mgongoni. Mimi ndiye niliyelitia doa, Mei mwaka jana, nilipokuwa nayapima. Nililigeuza kwenye mwanga, nikalitambua, kisha nikachukua kalamu nikasaini Agosti na Septemba.

Elewa nilichofanya. Wewe ulidanganya kama mtoto, kwa kujisifu, na uongo wako ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtu yeyote angeukamata. Mimi nilidanganya kama fundi. Nilichukua uongo wako mbovu nikaupunguza mpaka ukafanana na kweli. Sitini na tatu yako isingeaminiwa na mtu. Sita yangu iliaminiwa.

Madaktari hawakunituma huku kupumzika. Mei waliniambia miezi, wakataja mingapi. Nikafikiri: siwezi kushuka kinamasini, mtoto hataki kushuka, na mwezi mmoja ukikosekana kila kitu kinaanguka. Nikaona bora fomu itimie. Nilikuachia aibu ukaibeba miezi mitatu peke yako, nami nilikuwa na nusu yake chini ya mto.

Sasa fanya jambo moja. Chukua barua hii umpelekee yule mama Suzana, aisome mwenyewe. Ataona kwa mkono wangu kwamba mpaka Mei mwaka huu kila hesabu ni ya kweli, Juni pia, na uongo unaanzia Julai na una wazazi wawili. Madaftari yatoke chini ya meza. Sina kingine.

Mjomba wako,
Mutalemwa


Buswelu
8 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo, na mama shikamoo, na mama mdogo pia. Mama akusomee pole pole, lakini akifika mstari nitakaomwambia akomee, akupe barua umalizie mwenyewe.

Mvua zimeanza. Kiwanja kimoja cha Ndalahwa kimejaa maji mpaka kwenye vigingi, wanunuzi wamesimama pembeni wameshika viatu. Mbu sasa wanaingia mpaka Kiseke, na wale watoto wa jirani wawili wamelazwa. Kereng'ende sijaona. Nimekwenda Jumamosi tatu, nimekaa juu ya tofali, saa sita mpaka saa saba. Sifuri, sifuri, sifuri. Sijaandika popote, nakwambia wewe tu.

Mama akomee hapa.

Barua yako sikuipeleka. Nilifika nayo mpaka mlango wa ofisi. Nje pale nilimkuta karani akaniambia kitu hukijui: wamemwona bawa-moshi kwenye kinamasi kimoja cha ndani huko Kisesa, na kuna mtu anataka kukichimba bwawa la samaki. Mama Suzana anatafuta hesabu za miaka mingi aonyeshe huyu mdudu anazaa mwezi gani, anahitaji maji ya kina gani, wakati gani pasiguswe. Tanzania nzima hesabu hizo anazo mtu mmoja, na ziko chini ya meza ya huyo mama.

Nikarudi nyuma ya jengo nikaisoma barua yako tena. Wewe ni mwalimu, unaamini mtu akikiri lililo baya, mazuri yake yanabaki. Mimi nimekaa na akina Ndalahwa. Watu wakisoma kwamba Mutalemwa alipika hesabu akiwa na akili zake, hawatasoma mstari wa pili. Hakuna atakayefungua daftari hata moja.

Kwa hiyo nilirudi nyumbani. Nikachukua barua yako na zile zako za zamani za kabatini, nikaziweka juu ya meza, nikajifunza mkono wako. M yako yenye mgongo, ule mkia wa w unaoupeleka juu. Siku nne. Nimejaza daftari zima la mazoezi, nikalichoma.

Ijumaa nikaingia ofisini kwa mama Suzana. Nikamwambia, "Mama, fomu zote tangu Julai nimeandika mimi. Na ile ya Julai yenye mkono wa mjomba, ni mimi. Saini ni mimi. Mjomba hana sauti na hana nguvu, hajui lolote, mpaka leo anadhani kinamasi kipo."

Akasema, "Kijana, unajua kughushi saini ni kesi?"

Nikasema najua.

"Kidato cha pili ulichoishia kilikufundisha hivi?"

"Hapana, mama. Hiki ni kipaji."

Hakucheka. Akasukuma karatasi na kalamu. "Iga hapa."

Mjomba, nilichukua kalamu. Nimeandika Mutalemwa kama wewe ukiwa mzima, kabla ya hospitali. Akatoa fomu yako ya Machi akaweka pembeni, akavaa miwani, akatazama hii, akatazama ile. Kisha akainama, akayavuta madaftari kutoka chini ya meza, akayapangusa vumbi moja moja kwa kiganja, akayaweka kwenye kabati lake na kufunga. Karatasi ile ya hayaaminiki akaichana. Halafu akaandika maelezo yangu kurasa mbili, akanisomea, nikatia saini. Hiyo ilikuwa yangu.

Natakiwa kuripoti Jumatatu. Hakuniambia baada ya Jumatatu ni nini.

Najua utakasirika. Utataka kuandika moja kwa moja ofisini useme ukweli, nakufahamu, hata wakikushikia mkono utaandika. Usiandike. Mkono wako wa sasa umelegea, herufi zinalala, na wao wameshaamini mkono ule niliouandika mimi. Barua yako ikifika pale wataiweka pamoja na niliyoiga juu ya meza moja, wasijue mkono upi ni wako, madaftari yarudi chini ya meza, na Kisesa nayo itakwisha.

Kama ni lazima useme, mwambie mama sikioni, kwa pumzi tu. Ofisini usiandike kitu. Nimeshasaini.

Luhaga